Msuli Ambao Mdogo Wangu Hana

Mdogo wangu aliteleza kwenye mteremko wa kwetu Butembo, kwenye udongo mwekundu ambao mvua ikiupiga hata mbuzi hufikiria mara mbili. Alikuwa amebeba chupa ya mafuta. Ikapasuka chini ya kiganja chake cha kulia, na kituo cha afya cha jirani kikamshona siku hiyo hiyo. Walishona ngozi tu. Yeye ni fundi wa nguo, na ndiye aliyesema baadaye kwamba walifunga koti bila kushika bitana.

Jeraha lilipona, lakini kidole cha shahada kikabaki kimenyooka. Alijaribu kuongoza kitambaa chini ya sindano kwa vidole vingine. Mishono ikaenda mrama, na wateja wakaanza kuja kuchukua vitenge vyao kimyakimya. Bila kushona, mdogo wangu ni mtu wa kuketi tu, na kuketi hajui.

Mimi nauza vitambaa Beni. Nilisikia kuna daktari mpasuaji aliyetoka Kinshasa, nikamwita mdogo wangu aje huku. Mama akafuatana naye, na baba, aliyezeekea kwenye lori kati ya Butembo na Oicha, ndiye aliyewaleta.

Kiswahili cha daktari kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo alieleza kwa Kifaransa na sisi wawili tukawatafsiria wazee. Kano, ile kamba ngumu inayovuta kidole, ilikuwa imekatika na ncha zake zimerudi nyuma. Ilibidi kupachika nyingine. Kuna msuli mwembamba kati ya kiwiko na kiganja ambao mkono unaweza kuishi bila huo, na wapasuaji hupenda kuchukua kano yake. Akamwambia mdogo wangu agusishe dole gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kifundo cha mkono. Kamba ilipaswa kujitokeza katikati. Haikujitokeza. Mkono wa kushoto, vilevile. Daktari hakushtuka. Alisema watu wengine huzaliwa bila msuli huo na huzikwa bila kujua.

Tukaanza sote kukunja mikono, pale pale kwenye benchi. Yangu ilisimama kama kamba ya kuanikia nguo. Ya baba pia. Baba akanyoosha mkono mbele ya daktari.

"Docteur, kata yangu. Miye niko nazo mbili."

Tulipomtafsiria, daktari alitabasamu, akasema mwili haupokei hivi hivi kamba ya mtu mwingine. Angechukua kano ya mguu wa mdogo wangu mwenyewe. Wakati huo mimi nilikuwa namtazama mama. Alikunja viganja vyote viwili, akavigeuza, kisha akavificha ndani ya mtandio. Kwake pia hapakuwa na kitu.

"Ni miye nilimunyima," alisema.

Nilimjibu kwa ukali kwamba ni maumbile, hakuna anayemgawia mtoto misuli kama anayepakua mboga. Ulimi wangu ndivyo ulivyo, huingia kabla haujabisha hodi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akaagiza kila siku wafungue bendeji, na mdogo wangu akikunje kile kidole polepole kwa mkono mwingine, mara nyingi, la sivyo kamba itashikamana na nyama. Mama tulimtafsiria neno kwa neno. Kisha wakarudi Butembo, barabara ikaharibika kwa habari za watu wenye silaha, na mimi nikabaki Beni na simu.

Kwetu mgonjwa hutumikiwa. Wanawake wa jirani walileta bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakamchotea maji, wakamfulia. Mama akaongeza kitambaa juu ya bendeji mpaka kwenye ncha za vidole, akamlisha kwa mkono wake kama mtoto mchanga. Kila mdogo wangu alipotaka kufungua, mama alimshika kifundo.

"Wacha. Itakatika. Hauna ingine."

Na alikuwa akilia. Niligombana naye kwenye simu mpaka akakataa kuishika. Mdogo wangu akaniambia niache, kwamba hawezi kufungua kitambaa ambacho mama anakilowesha kwa machozi.

Barabara ilipotulia walirudi Beni. Daktari alikikunja kile kidole, kikasogea kidogo sana. Kamba ilikuwa hai, alisema, ila ilikuwa imeganda pale chini kama bugali ulioshika sufuria. Kwa kushona, tusitegemee tena. Akauliza kwa Kifaransa, bila upole, nani aliyeamuru mkono ufungwe hivyo.

"Ni mimi," mdogo wangu akajibu haraka, kwa Kifaransa hicho hicho. "Niliogopa."

Mama alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Anasema nini?"

Mdogo wangu hakunipa nafasi.

"Anasema mwili ilikatala ile kamba, mama. Hapana kosa ya mutu."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeletewa habari aliyokwisha kuisikia.

"Nilijua. Ni miye nilikuzala na ile mwili."

Nilifungua kinywa. Kumwondolea kosa hilo ilikuwa kumkabidhi lile lingine, la kweli. Mimi ninayejibu kila kitu nikakifunga. Mdogo wangu alimshika mkono, tukatoka, na mpaka leo mama anamwomba msamaha kwa jinsi alivyomzaa.