Nilivyomharibia Athumani Posa kwa Unyoya wa Kuku

Kosa ni langu, tena langu peke yangu. Miaka yote hii nimemtafuta mwengine wa kumtupia lawama na sikumpata. Nisikilize basi, kisha unihukumu utakavyo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana, nakaa Frere Town, na kulikuwa na mchezo ulioniingia kichwani kuliko kazi. Shemeji yangu, baharia, aliniachia kitabu cha Kizungu na dadu za pembe nyingi. Mchezo wenyewe huchezwa mezani. Mmoja husimulia hadithi ya ngome na mazimwi, wenzake hujifanya watu wa ndani ya hadithi hiyo, na dadu huamua nani kapona na nani kaliwa. Msimulizi nilikuwa mimi. Rafiki yangu Athumani, fundi wa friji wa Mjambere, alikuwa mchawi.

Sasa, mchawi wa mchezo ule hafanyi uchawi hivi hivi. Lazima atamke maneno. Lazima mkono uwe mtupu apate kupiga ishara kwa vidole. Na lazima awe na kifaa chake: unyoya wa kumrusha hewani, utando wa buibui wa kunasa adui, kinyesi cha popo cha kurushia moto. Kimoja kikikosekana, uchawi haushiki.

Mtu mwenye akili angesema tu "ninacho," na mchezo ukaendelea. Mimi nilitaka nikione. Wallahi nilimwambia Athumani, bila kinyesi cha popo hapa mezani hurushi moto kwangu. Maskini akapanda darini kwa nyanya yake akakwangua. Vitu vyote akavitia kwenye kifuko cha kitambaa cheusi.

Na vidole je? Nilimlazimisha afanye mazoezi mpaka akawa anatembea njiani akivipinda na kunong'ona peke yake. Siku moja mchawi wake aliliwa na zimwi kwa kuwa mkono mmoja ulishika taa na mwengine mkate. Alinisihi nimruhusu autupe mkate. Nikamwambia amechelewa.

Ndivyo nilivyokuwa. Sijisifu.

Wakati huo Athumani alikuwa anamposa Rukia, fundi cherehani wa mtaani kwao. Alimpenda mpaka chakula kilikuwa hakimshuki. Wazee wake walishapeleka posa, na kwa kuwa babake Rukia alikuwa amefariki, jibu lilikuwa kwa ami yake, Maalim Bakari, aliyetusomesha sisi sote Kurani chuoni. Ijumaa moja baada ya Alasiri, Maalim akamwita Athumani amtazame kidogo kabla ya kutoa neno. Athumani akaniomba nimsindikize.

"Tukitoka huko tutapita kwangu tucheze," nikamwambia. "Usisahau vifaa vyako."

Tulipokewa vizuri. Tukatoa shikamoo, tukaketi mkekani, kahawa ikaja. Bi Mwanakombo, dadake Maalim, alikaa karibu na mlango akitukagua. Rukia alikuwa nyuma ya pazia. Athumani jasho likamtoka, akavuta leso mfukoni mwa kanzu, na kifuko kikafuatana nayo. Kikaanguka katikati ya mkeka, kikafunguka.

Ule unyoya ulikuwa wa kuku mweusi.

"Yarabi," akasema Bi Mwanakombo. "Kaja kumroga mwanetu."

Maalim hakupaza sauti. "Athumani mwanangu, ni vitu gani hivi?"

"Ni mchezo tu, Maalim. Muulize huyu."

Hapo ningesema ni kweli, ni upuuzi wetu, tuwie radhi. Maneno mepesi kama hayo! Lakini kumsikia mtu akikosea sheria za mchezo kulikuwa kunaniwasha mwilini.

"Hivi si vya kuroga mtu," nikasema. "Unyoya ni wa kuruka. Na hicho ni kinyesi cha popo, cha kurushia moto."

"Na cha kumpumbaza mtu akupende ni kipi?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Hicho hakuna," nikamjibu, na furaha yangu ilikuwa ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Kumpumbaza mtu hakutaki kifaa. Ni maneno na vidole tu."

Bi Mwanakombo akamgeukia kakake. "Kumbe ndiyo maana. Kila siku namuona yuwapita hapa mbele ya nyumba azungusha vidole, na midomo yamcheza."

Nyuma ya pazia Rukia akaangua kicheko.

"Mwasikia? Yuwacheka. Ishamuingia."

Maalim, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa busara. Naamini alishatambua kuwa mbele yake wamekaa wapumbavu wawili wala si wachawi. Akatafuta njia ya kumtuliza dadake.

"Haya Athumani," akasema. "Chochote ulichokifunga kwa vidole hivyo, kifungue hapa mbele ya dadangu. Kisha tusome Fatiha, yaishe."

Fatiha hiyo ndiyo ingekuwa jibu la posa, sote tulijua. Athumani akainua mikono, akavizungusha vidole, akanong'ona asichokijua, akasema, "Nimefungua." Bi Mwanakombo akashusha pumzi. Maalim akainua mikono kuanza kusoma.

"Samahani, Maalim," nikasema. "Hiyo hajaifikia."

Wakanitazama wote.

"Kufungua uchawi ni daraja la juu, yeye bado yuko chini sana. Na hata angekuwa amefika, huo hutaka mikono yote miwili mitupu, na wa kushoto ameshika leso."

Mikono ya Maalim ikashuka polepole mpaka magotini.

Posa ikarudishwa. Tulipofika njia panda Athumani akanigeukia. "Yakhe," akasema, "siku nikizama baharini, wewe utatazama kwanza kama mkono wangu u mtupu." Akaenda zake.

Rukia alikaa mwaka mzima akimkataa kila mposaji aliyeletwa. Bi Mwanakombo akasema hiyo ni dalili ya kurogwa. Maalim akasema ni dalili ya kupenda, akaisoma Fatiha mwenyewe. Harusi ya Athumani na Rukia niliisikia kwa ngoma tu, maana sikualikwa. Mimi nikabaki na jina la Mwalimu wa Wachawi, na kila nilikoposa lilinitangulia. Athumani alinirudishia kifuko kupitia kwa nduguye, na vitu vyote vimo, hata unyoya. Nilikifungua nikalia.

Wewe unayesoma, ukiona mzee ameinua mikono aombe yaishe, funga mdomo wako uitikie amina. Hata kama sheria iko upande wako.

Kitabu bado ninacho. Dadu zipo, na sheria zote ziko kichwani, hakuna wa kunishinda. Ila mchezo ule hauchezwi na mtu mmoja, na tangu siku ile hakuna aliyekuja kukaa mezani kwangu.