Hongo ya Malagarasi

Mjukuu wangu kaja likizo na boksi la mchezo kutoka Dar es Salaam. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu fulani, dadu zinaamua nani kapona. Nchi yenyewe eti ni njia ya misafara ya kwetu Tabora. "Bibi, wewe ni wa huko, niambie kama wameitengeneza vizuri." Nikavaa miwani. Jamani! Mapango yamejaa hazina, simba kila kichaka, na hakuna hata mtu mmoja anayelima. Wapagazi wanatembea wiki nzima hawajatia kitu mdomoni. Nikamwambia ni takataka, akanuna.

Sasa mwenzangu, ningesema nini? Mchezo huo nimeucheza kabla baba yake hajazaliwa.

Ilikuwa Gongoni, mtaa wetu wa Tabora, miaka ile ya Ujamaa, barazani kwa bibi yangu. Tulichora njia kwa mkaa kwenye saruji, Bagamoyo mpaka Ujiji, tukatupa kauri badala ya dadu. Bibi alikaa pembeni akimenya karanga, na harufu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ikitoka jikoni ilituvuruga akili. Baba yake alikuwa mpagazi, kwa hiyo hakutuvumilia hata kidogo. Ukichora kijiji anauliza, "Hapo anakaa nani? Anakula nini? Anataka nini kwenu?" Ukibabaika, anakifuta kwa unyayo. Nimelia kwa hasira mara ngapi!

Kijiji ambacho hakukigusa kilikuwa cha jirani yetu, binti wa Mwarabu mwenye duka. Kwao haruhusiwi kutoka ovyo ila kwa bibi, na shuleni hata sauti yake huisikii. Lakini akishika kivuko cha mto Malagarasi, akawa mtemi, loo! Havuki mtu bila hongo. Bibi alitufundisha kwamba zamani hongo ilikuwa ushuru wa kupita, kaniki na shanga za mtemi, wala haikuwa aibu. Tutabembeleza, tutadanganya, tutatishia vita. Yeye katulia tu. "Toeni hongo. Hamna? Laleni ng'ambo hiyo hiyo." Tulimchukia, na kila jioni tulirudi kwa ajili yake.

Siku moja mwalimu wetu akapita njiani, akasikia, "Toeni hongo!" Siku zile redio ilishinda ikilaani wanaokula hongo na walanguzi, naye anakuta watoto wanadaiana hongo, na anayedai ni binti wa mwenye duka. Aliingia bila hodi. Shikamoo zetu hakuziitikia.

"Mwalimu, hiyo ni hongo ya zamani," bibi akamwambia.

"Mama, hongo ni hongo."

Heri angeufuta mchezo wote. Yeye akaurekebisha! Kila kituo kikawa kijiji cha ujamaa, wageni wanapokelewa kwa nyimbo, wanapewa uji, wanasindikizwa. Mtoni akaweka daraja. Mtemi hakuna. Mimi sikuwa na ugomvi na vijiji vya ujamaa. Mjomba wangu alihamia kimoja huko Puge, na kila akija ana visa vya majirani mpaka mbavu zinauma. Vya mwalimu havikuwa na hata jirani mmoja mkorofi. Tulitoka Bagamoyo tukafika Ujiji bibi hajamaliza ungo wa karanga. Upuuzi mtupu.

Mtemi wetu, yule binti rafiki yangu, alikaa ukingoni mwa baraza, hana kazi. Tukampa upagazi, akaupokea. Baadaye akaacha kuja. Nilipomfuata, mama yake alisema binti ana shughuli za ndani. Mwaka haukuisha, duka likafungwa, wakahama. Nilimkuta amekaa juu ya magunia kwenye lori la Nzega, nikampa michembe kwenye karatasi.

"Siku hizi mtoni mnavukaje?" akaniuliza.

"Tunapita tu. Kuna daraja."

Lori likaondoka. Sikumwona tena.

Nyumba ya bibi imeuzwa, baraza limewekwa vigae, na mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ingawa hasira yangu kwake haijaisha. Watu wananiuliza ninakumbuka nini cha Tabora, wanategemea niseme asali. Mimi ninamkumbuka binti mmoja mpole aliyekuwa na mahali pamoja tu duniani pa kusema hapana. Ningetoa kila kitenge nilicho nacho kabatini asimame pale kivukoni leo, anidai hongo, aninyime njia.