Laini ya Nne Haiguswi

Saa tano asubuhi, kituo cha simu mjini Mbeya. Taa tatu za laini za Iringa zinawaka kwenye swichibodi. Zote zina watu. Ya nne imezimika. Dirishani watu sita wanasubiri zamu, na mmoja ameshaanza kunung'unika.

"Dada, si hiyo iko wazi?"

"Ni ya dharura, baba. Vumilia kidogo," anajibu Helena bila kugeuka.

Helena, mzaliwa wa Kilolo, ni opareta hapa tangu 1966. Huunganisha simu mia moja na ishirini kwa siku, lakini anasema kazi ngumu ni kunyima.

Miaka mitatu iliyopita, 1973, alishindwa kunyima. Yotamu, mkulima wa milimani, alifika akilia: mwanawe amefariki, na kaka yake yuko Iringa.

"Huku kwetu mwenye msiba hazuiliwi," anasema Helena. "Nikampa laini ya nne."

Yotamu aliongea dakika kumi na mbili. Wakati huohuo mganga wa zahanati moja ya Usangu alikuwa akiitafuta Iringa, watume dawa ya sumu ya nyoka. Alipopata laini, gari la kutoka Iringa kuja huku lilikuwa limeshaondoka. Mgonjwa, mfugaji aitwaye Nyanda, alikufa kesho yake.

Hakuna aliyemtuma Helena matangani. Alikwenda mwenyewe, akamweleza mjane, Kalista, kila kitu.

"Hata mimi ningempa," akasema Kalista. "Ila wewe usimpe tena mtu."

Leo mama mzazi wa Helena anapasuliwa hospitali ya Tosamaganga, karibu na Iringa. Helena amejiandikisha kwenye foleni kama wengine. Ni wa saba.

"Piga tu, dada, dakika moja," anamnong'oneza Alinanuswe, opareta mwenzake.

Helena anatikisa kichwa. Macho yamemjaa machozi, mikono inaendelea kuchomeka nyaya.

"Mama yuko mikononi mwa daktari tayari. Simu yangu haimponyi. Mwingine huko vijijini labda simu ndiyo itamponya."

Saa nane laini ya nne bado kimya. Simu ndefu za ofisi zimejaza zile tatu, foleni imesogea watu wawili tu, na zamu ya Helena haitafika leo.

"Jumamosi napanda basi," anasema. "Nikimkuta mama, nitamwambia kwa nini sikupiga. Nisipomkuta, nitamwambia kaburini."