Forum yetu ya code ilikuwa kwenye phonie, na siku moja ikalitaja jina la Kazadi hewani

Wakuu, habari za mchana.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayetaka kuanzisha forum ya developers kusaidiana code. Nikacheka, halafu nikakaa kuandika.

Sisi tulikuwa nayo. Bila internet, bila hata simu. Niliyoyaona mwenyewe nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Chumvi sitii.

Ni Likasi, Katanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire. Nilikuwa programmer kwenye kiwanda cha shaba, nakaa mtaa wa Panda kwenye nyumba za kambi ya wafanyakazi. Wazungu waliotuandikia programu walishaondoka, vitabu wakabeba. Programu ikigoma huna wa kumuuliza. Simu ya ofisini ilikuwa pambo la mezani.

Ila parokia yetu ilikuwa na phonie, ile radio ya kuzungumza na watu wa mbali. Padri akatupa saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Wenzetu wa Kolwezi, Kambove, Kamina na Lubumbashi nao wakatafuta phonie za kwao.

Unasoma code mstari kwa mstari, mwenzako anaandika, halafu anakusomea tena. Nukta moja ikipotea mnaanza upya. Cobol, lugha ya programu ya enzi hizo, kuisoma kwa mdomo, wakuu, msiombe yawakute.

Sheria yetu ilikuwa moja: ukitoa solution, unamtaja aliyeitengeneza na mahali alipo. Ukikwama ujue wa kumfuata, na mtu asijipambe kwa jasho la mwenzake. Kwa hilo hatukuwa na mchezo.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Ukafika wakati watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wakawa wanafukuzwa Katanga. Watu waliozaliwa hapo hapo Likasi, tunazikana nao, tunabatiziana watoto, leo wanaambiwa warudi kwao. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba. Stesheni imejaa familia zinazosubiri treni, zimekalia magodoro yao.

Kazadi alikuwa fundi kutuzidi sote kwenye ile forum, na asili yake ni Kasai. Mkewe na watoto walipata treni. Yeye malaria ilimwangusha, kusimama hawezi. Nikamficha chumba cha nyuma nyumbani kwangu mpaka apate nguvu za kuwafuata.

Msinione shujaa. Mimi ni mwoga tangu tumboni. Aliyeamua ni mke wangu, Mama Sabina. Aliniambia, "Ule muntu tukimuacha, bibi yake tutamwambia nini?" Nikaenda kumtandikia kitanda.

Wiki hiyo François wa Kolwezi alikuwa analia na programu ya bohari ya dawa ya hospitali. Ilikuwa inakufa katikati ya kazi, na bila karatasi iliyochapwa bohari haitoi hata kidonge. Nikamsimulia Kazadi, nimpunguzie tu mawazo.

Akafumbua macho, akaomba kalamu.

Kumbe programu ilikuwa inapiga hesabu dawa itatosha miezi mingapi, kwa kugawanya iliyobaki kwa matumizi ya mwezi. Dawa ilipokosekana kabisa, matumizi yakawa sifuri, na ikawa inagawanya kwa sifuri. Aliyeiandika hakuwahi kufikiri kwamba hospitali inaweza kukosa dawa. Kazadi akaandika mistari michache huku jasho linamtoka.

Kesho yake nikaisoma hewani. François akanisomea tena, akaenda kujaribu, akarudi anapiga kelele za furaha. Halafu akauliza, kama sheria inavyotaka, akiniita kaka kwa lugha ya kwetu, "Yaya, ni ya nani?"

Nikajibu, "Ni ya muntu moja tu. Andika tu."

Kisha sauti yake ikapasuka.

"Yaya, hii ni kazi ya Kazadi! Ni yeye tu njo anaandikaka vile! Banatuambia alikufa! Kazadi, merci mingi, minajua uko pale ku Panda kwa yaya!"

Ulimi hauna mfupa. Alimpenda, alidhani amekufa, furaha ikamtoa akili.

Phonie si barua. Kule mtaa wa Kikula, hapo hapo Likasi, kwenye phonie za wafanyabiashara, mabenchi yalikuwa yamejaa watu wanaosubiri zamu, na wote wanasikia. Niliangusha mike, nikakimbia nyumbani bila kuaga.

Kumtoa mchana haiwezekani. Kutembea hawezi. Mama Sabina akamfunika kwa magunia ya makaa, akarudi kusonga bukari, ugali wa kwetu, kana kwamba hakuna jambo. Mimi nilikaa kibarazani, nasali sala ambazo hata sizijui vizuri.

Jua halijazama, wakaja. Vijana kama sita, wameshika fimbo.

"Papa, eko wapi Kazadi? Batu banasikia ku phonie eko hapa."

Kabla sijafungua mdomo, mwenzao akamkatiza. "Hapana! Banasema eko Kambove!"

"Kambove gani? Minye nilisikia anafika Kamina na train."

"Weye ulisikia mubaya. Eko Kolwezi!"

Wakabishana palepale mlangoni kwangu. Mkubwa wao akachungulia sebuleni, akamwona Mama Sabina na mwiko wake, akatema mate chini. Wakaondoka bado wanabishana.

Mimi nilibaki nimeduwaa kama nyinyi.

Padri ndiye aliyeniambia. Nilipokimbia tu, wa Kambove akafungua mike: Kazadi eko hapa kwangu, anakula. Wa Lubumbashi akasema hapana, eko kwangu. Wa Kamina akasema alishuka jana, analala kwake. Wa mwisho ni François: "Minye nilikosea. Kazadi eko kwangu, ku Kolwezi."

Hakuna aliyewapanga. Na kila mmoja alitaja nyumba yake.

Kazadi alipona, akapata treni, akamkuta mkewe na watoto wote. Nilikuja kupata salamu zake.

Miaka mingi baadaye nilikutana na François Lubumbashi. Anachechemea. Akaniambia ni ajali ya baiskeli. Mkewe akanivuta pembeni, akaniambia ukweli: jioni ileile vijana wa Kolwezi walikwenda kwake, hawakumkuta Kazadi, wakampiga wakimuuliza amemficha wapi. Angetamka neno moja tu, Panda, wangemwacha.

Hakulitamka.

Nililia mbele ya mke wa mtu bila aibu.

Kwa hiyo kijana, kabla hujahangaika na server na logo, angalia kwanza unaanza na watu gani. Mengine utajifunza njiani.

Karibuni mchangie, hasa mliokuwa Katanga wakati ule. François humu hayumo, ila Jumapili nakwenda kumtembelea na nitamsomea mtakayoandika. Andikeni maneno ya maana.