Keria ya Kumbebea Mama Mkwe

Tarehe sita Juni 1951 nilimzika mke wangu pale kwetu Kimamba. Nilikuwa nimempakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali ya Kilosa, keria ikakatika njiani, akamalizia safari ameketi kwenye bomba la mbele, kichwa chake kifuani kwangu. Daktari alisema ni homa ya mapafu, keria haikuhusika. Nilimwamini. Ila baiskeli ilibaki bila keria, na mama yake, aliyekuja kutoka Mikumi kumuuguza, alitakiwa kurudi kwao, maana ndugu walikuwa wakimngoja ili waanue tanga. Magoti yake yalikuwa yamevimba, hawezi kutembea mwendo mrefu. Lori la kwenda huko lilikuwa limevunja gia, likisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam.

Ikabaki baiskeli. Shida ni kwamba kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe. Hali naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Msiba mzima nilikuwa nikimwamkia shikamoo nikiwa upande wa pili wa ukuta, naye akiitikia marahaba hukohuko. Sasa mtu huyohuyo nimpakie nyuma ya mgongo wangu mpaka Mikumi.

Nikaenda Kilosa kwa fundi. Mtani wangu, Mnyamwezi mkata mkonge wa shambani kwetu, akanifuata bila kuitwa. Wakati wa msiba mtani hakatazwi neno. Baiskeli yenyewe ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Baba aliinunua kwa msimamizi Mgiriki, na Mgiriki aliikuta shambani.

Fundi alikuwa amening'iniza keria mbili ukutani. Moja ilikuwa ya dukani, fupi, nyepesi, ina springi ya kubania mzigo. Nyingine aliifua mwenyewe kwa chuma cha reli ndogo za kubebea mkonge, ndefu kama kitanda cha mtoto. Nikamweleza abiria ni nani, na msiba uliotupata. Akaweka nyundo chini. Mshona viatu wa jirani akaja, na mwuza maandazi naye akaja, wakaanza kubishana ni umbali gani wa heshima kati ya mgongo wa mkwe na magoti ya mama mkwe. Mshona viatu alisema dhiraa moja yatosha. Mwuza maandazi akasema dhiraa moja ni ya shangazi.

Ili wapime, mtani wangu akaazima kanga ya mwuza maandazi, akajifunga kichwani, akakaa kwenye ile fupi, iliyoshikizwa kwa kamba tu nyuma ya baiskeli, nami nikiwa mbele. Akaanza kulia kizee.

"Jamani mkwe, jasho lako linanuka mkonge! Binti yangu alivumiliaje?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikashindwa kuendelea.

Fundi hakucheka. Alikuwa akifikiri. Akaniuliza, "Mke ndiye huyo aliyefariki?"

Nikasema ndiye.

"Basi ukwe umekwisha, bwana. Huyo sasa ni mama wa watu tu. Chukua hii fupi, ni imara na haikuchoshi."

Wote wakakubali kwamba amesema la maana. Hata mtani alivua kanga. Fundi alishakamata spana. Mimi nikatazama ile keria fupi, nikaona kwamba nikiifunga nimekubali. Hatukuwa na mtoto. Kama yule mama si mkwe wangu, basi hakuna mtu duniani wa kuonyesha kwamba niliwahi kuoa.

"Funga ndefu," nikamwambia.

Akaifunga akinung'unika. Mtani alipoikalia, gurudumu la mbele likainuka juu kama farasi wa bwana shamba. Fundi akasema alijua. Tukatafuta jiwe, tukalifunga kwenye usukani kwa kamba ya katani, ndipo baiskeli ikatulia.

Tuliondoka kesho yake alfajiri: jiwe mbele, mimi katikati, mama mkwe huko nyuma, amenipa mgongo, anatazama Kimamba ikienda. Kuongea nami hakuweza, kwa hiyo aliongea na baiskeli.

"Baiskeli, kuna mtu huku ana kiu."

Nami nikaijibu baiskeli kwamba mbele kidogo kuna kisima. Tulilala katika kijiji kiitwacho Ulaya, kila mtu kwa mwenyeji wake, na asubuhi tukaendelea. Kwenye mlima mmoja kamba ikakatika, jiwe likaanguka, gurudumu likapanda juu na sote wawili tukajikuta chali barabarani. Nilisikia analia. Nikauliza baiskeli kama kuna aliyeumia.

"Hakuna," akasema. "Mwanangu alikuwa mwepesi. Huyo asingeangusha mtu."

Nikalia nikiwa nimegeukia majani, yeye akilia amegeukia upande wake. Halafu nikaenda kulitafuta jiwe.

Mikumi tulifika jua likikaribia kuzama. Kaka zake mama mkwe walinipokea vizuri. Mkubwa wao alizunguka keria, akaipima kwa mkono, akauliza kwa nini nimejitesa na chuma kirefu namna ile wakati marehemu ameshazikwa. Akatandika mkeka ukumbini, akasema njoo ukae hapa na wote, dada atatupakulia, siku hizi wewe ni kama mtoto wa jirani.

Nilikuwa nimeshavua viatu. Kutoka jikoni mama mkwe akapaza sauti.

"Kaka, mwambie mkwe wangu asikae hapo. Sitapita na chakula mbele yake. Mpelekee nyuma ya ghala."

Wakatazamana. Kaka akakunja ule mkeka, akautandika nyuma ya ghala la mahindi, ambako mtu wa jikoni haonekani. Nikaletewa ugali na kuku, mapaja yote mawili. Mbuzi wawili walisimama wakinitazama. Nikakaa kule peke yangu nikala mpaka sahani ikawa nyeupe.