Vyumba vitano, mlango mmoja: Bibi Mitutu na bastola za pua fupi

Saa mbili kasoro asubuhi, na Bibi Mitutu keshaanza kusonya. Mkono mmoja kashika kitambaa cha mafuta, mwingine bastola, na macho kayakaza kwenye bango jipya lililobandikwa kabatini: "Bastola za pua fupi. Zote za risasi sita."

"Zote? Nani kazihesabu?" anakiuliza chumba kitupu.

Bibi Mitutu ndilo jina alilopewa hapa makumbusho ya polisi, ambako kwa miaka thelathini na moja amesafisha silaha kuukuu zilizotolewa pini ya kufyatulia risasi, zisizomtisha hata panya. Ijumaa anastaafu. Jumatatu wanafunzi wanakuja, na chini ya bango pameandikwa kwamba maelezo ni yake.

"Uongo wa mkuu, jina langu!" anafoka.

Bastola ziko kumi na nne, kila moja na ukoo wake. Kongwe kuliko zote ilizaliwa ndefu, mwenyewe akaikata kwa msumeno ili ienee mfukoni. Mdomo umebaki na meno, kijiti cha kulengea kimekwenda na kipande kilichokatwa. Kisha viwanda vikazitengeneza fupi tangu mwanzo. Nyundo ya nyuma ikawa inanasa kwenye nguo, basi ikanyolewa. Bastola dada yake akavikwa kifuniko cha nyundo. Mdogo wao akaificha nyundo tumboni kabisa. Chuma kizito nacho kikakipisha chepesi. Na ili silinda, lile tumbo la mviringo linalobeba risasi, lipungue, nyingi zikaondolewa chumba kimoja cha risasi.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mkuu wa makumbusho, aliyeagiza bango bila kufungua hata silinda moja, anaingia na kikombe cha chai.

"Mama, watu wote husema sita. Nani atahesabu?"

"Watoto, baba. Watoto huhesabu hata meno yako. Kitendawili!"

"Mama, nina kazi..."

"Kitendawili!"

"Haya, tega," anaguna.

"Nyumba yangu ndogo, vyumba vitano, mlango mmoja."

Anamfungulia silinda chini ya pua. Mkuu anahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Anarudia, safari hii polepole.

"Ya sita iko wapi?"

"Kwenye bango lako."

Bango linabanduliwa kabla chai haijapoa. Sasa Bibi Mitutu ana siku tatu za kuandika kadi kumi na nne kwa mkono wake, maana, anasema, "nikiondoka, nani atawatambua wanangu hawa?"

Na Jumatatu?

"Nitakuja. Nitalipa kiingilio kama mtu yeyote, nisimame nyuma ya watoto, nisikilize wanavyohesabu."


Anapuliza vumbi kwenye silinda. "Wakifika tano wakanyamaza, nitakwenda zangu nyumbani nikalale."