Nilimpa muuza karanga daftari la mjukuu wangu la vitabu na anime, nikazunguka mnada mzima kulirudisha

Vijana mnaosoma huku, shikamoo zenu nimezipokea, maana najua wengine mngepita bila kuzitoa. Marahaba. Sasa tulieni mnisikilize.

Mjukuu wangu ananiambia humu mtu akianza uzi anawaita watu "wakuu", halafu anaapa kwamba anasema kweli. Mimi siapi. Ningetaka kuwadanganya ningetunga kitu ambacho mimi si mbaya ndani yake.

Naandika kwa simu, kidole kimoja, leo siku ya tatu. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Herufi nazijua ila sina mbio nazo. Mkiona pamekosewa pasomeni hivyo hivyo.

Nyumbani kwangu ni upande wa Haneti. Tunalima uwele na karanga, tuna mbuzi.

Nakaa na mkwe wangu, mke wa mwanangu Yohana, na watoto wao watatu. Mkubwa ni Sechelela. Wakati wa habari hii alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri kuitwa chuo. Yohana mwenyewe yuko migodini, kanda ya ziwa. Anarudi mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine harudi.

Sechelela alikuwa na daftari, lile gumu, kaunta buku.

Kila mwezi una ukurasa wake. Anaandika vitabu alivyosoma, tamthilia alizotazama, na zile katuni za Kijapani wanazoita anime. Kila kimoja anakipa nyota, moja mpaka tano, na maneno mawili matatu. Chini anapiga mstari anaandika jumla.

Najua mnajiuliza nilijuaje yaliyomo. Nilifungua. Yeye alikuwa kisimani.

Hiyo jumla ndiyo ilinikaa rohoni.

Mimi nimelelewa kwamba kitu chako kizuri hukihesabu. Marehemu baba hakuwahi kusema ana ng'ombe wangapi. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi wakiingia, wakiisha anasema, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyokunjika hajarudi." Aliwajua kwa rangi na mwendo. Ukiwanyooshea kidole mmoja mmoja ukahesabu, unakionyesha kifo wapi pa kuanzia. Na watoto vilevile. Ukiniuliza nina watoto wangapi nitakujibu wapo.

Sasa huyu binti anakaa kizingitini anahesabu furaha zake kila mwezi, kwa wino.

Nikamwambia aache. Akasema, "Bibi, hizi ni katuni tu." Nikamwambia hata ng'ombe ni ng'ombe tu mpaka siku wamekwisha. Akacheka, akaendelea kuandika.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa namwambia kila mtu. Ipo na nyingine, na bila hiyo uzi huu ni wa uongo.

Yohana anapiga simu Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kwanza anaongea na mimi. "Shikamoo mama. Mvua vipi? Mbuzi wazima? Mguu unaendeleaje? Haya mama, nipe Seche."

Hapo ugali haujapoa.

Akimpata Seche, saa nzima. Mtoto anazunguka uwanjani na simu na lile daftari, anacheka mpaka anashika mti. Nasikia, "Hapana baba, hiyo umeipendelea, nyota mbili zinatosha." Mwanangu niliyemzaa, niliyemlea peke yangu baba yake alipofariki, kicheko chake nakisikia kikitoka kwenye sikio la mtu mwingine.

Mnaujua wivu wa wapenzi, mnauandikia nyuzi kila siku humu. Wivu wa mama mzee hamjauona.

Sasa ikaja Oktoba ya mwaka jana. Kwetu mwezi huo mbaya. Shamba umeshasafisha, mvua haijulikani, upepo unaamka na vumbi lake. Mimi sikai. Nafagia palipofagiwa, naenda zizini narudi, nakaa nasimama. Mkwe wangu alikuwa ananiambia, "Mama, unanichosha macho."

Katika siku hizo akaja Bi Mwanaidi. Huyu ni Mrangi wa Busi, aliolewa huku zamani, anakaanga karanga na kuuza kwenye mnada wa Jumamosi. Alikuja kuchukua karanga kwangu, akaniuliza, "Dada, huna karatasi za kufungia? Vijana siku hizi hawana madaftari, wana simu."

Nikainuka, nikaingia ndani, nikalitoa daftari chini ya mto wa Sechelela, nikampa.

Nilitaka kuandika kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilifikiri toka kwenye mto mpaka mlangoni, na bado nikampa.

Jioni mtoto akatafuta. Akapindua kitanda, akatoa magunia, akaangalia mpaka kwenye pipa la unga. Akanijia. "Bibi, umeona daftari langu?"

Nikasema, "Waulize wadogo zako."

Wa mwisho akala kofi la dada yake kwa kosa langu. Akalia pale pale mbele yangu, na mimi nikaendelea kuchambua mlenda.

Kama kuna kitu kimoja katika habari hii kinachoniinua nikiwa nimekaa, ni hilo kofi. Daftari linafuata nyuma yake.

Kesho yake Seche hakununa, hakugombana. Alifanya kazi zote. Alichoacha ni kuongea. Ukimwamkia anaitika, ukimtuma anakwenda, basi. Alhamisi akamwambia mama yake kwamba anataka kwenda Mpwapwa akakae kwa shangazi yake mpaka chuo, na Jumatatu kuna basi.

Nikamuuliza, "Mpwapwa kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Hata hapa hakuna kitu."

Alipotoka, mkwe wangu akaniangalia. Huyu mwanamke ana heshima, miaka yote hajanipandishia sauti, na siku hiyo pia hakupandisha. Akasema, "Mama, lile daftari ndilo alilokuwa nalo na baba yake. Yohana naye ana lake huko kambini. Kila mwezi wanachagua kitabu kimoja au katuni moja, wanaangalia wote wawili, halafu mwisho wa mwezi wanasomeana. Yohana hajakaa na mwanawe hata mwezi mzima tangu akiwa darasa la tatu. Nyumba yao wawili ni hiyo."

Nikamwambia, mbona hamkuniambia?

"Ungeuliza, mama."

Ijumaa sikukaa chini. Nilianza safari ya kwa Bi Mwanaidi mara mbili, mguu ukakataa. Jumamosi nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke mnadani polepole maana nina mifupa ya zamani.

Nikamkuta Bi Mwanaidi ameshauza nusu. Daftari liko magotini, limebaki jepesi, anachana, anakunja, anajaza.

"Mwanaidi, acha. Hilo daftari nalitaka."

"Dada, si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa kitu kisicho changu."

Mikono yake ikasimama. Akanitazama, akalifunga lile lililobaki, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anavyotoa mtoto. Halafu akanyoosha kidole. "Yule mwenye koti, mmoja. Wale wa mbuzi, wanne au watano. Yule bodaboda ananunua sasa hivi mara ya pili. Nenda, mimi nitawazuia wa huku."

Vijana, nimezunguka mnada ule na fimbo yangu kama mkusanya ushuru. "Mwanangu, mimina karanga mfukoni, nipe karatasi." Wengine walitoa bila neno. Mzee mmoja wa mbuzi akasema, "Mama, unaokota karatasi, vyuma huvitaki?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia atoe karatasi acheke baadaye. Akatoa.

Yule bodaboda, siye aliyenileta, nilimkuta ameikunjua ya kwake anasoma. Hakutaka kunipa mpaka amalize. "Bibi, nani kaandika hivi? Hii anime nimeiona yote. Ameipa nyota nne sizoni ya kwanza na mbili ya pili. Amekosea. Ya pili ndiyo yenyewe."

"Ni mjukuu wangu."

"Mwambie arudie kuangalia. Episodi ya tano pale mzee anapokataa kuvuka daraja, mimi nililia, na nilikuwa kijiweni na watu."

Nikamwambia nitamfikishia.

Kurasa nyingine sikuzipata. Za Februari mpaka Aprili zilikwenda na watu wa mabasi. Nyingine zina mafuta mpaka wino umekimbia.

Nikakaa nyuma ya meza ya Bi Mwanaidi nizipange. Kuzipanga ni lazima uangalie mwezi, na ukiangalia mwezi jicho linateremka. Sitajitetea. Nilisoma, kidole chini ya mstari.

Kitabu cha mwalimu aliyehamishiwa kijiji kisicho na shule. Nyota tano. "Baba amesema amemkumbuka mwalimu wake. Hakusema zaidi, nikamwacha."

Tamthilia ya ndugu wawili na duka la marehemu. Nyota moja. "Kila mtu analia, hakuna anayefanya kazi."

Nikafika mwezi wa saba. Juu kuna anime moja, kitabu hakuna. Chini yake imeandikwa hivi, nimeinakili jinsi ilivyo:

"Bibi. Habari ya madada wawili waliokwenda kukwangua chumvi Bahi. Ametusimulia tukipura uwele. Nyota tatu. Ingekuwa tano lakini mwisho ameharakisha kwa sababu mbuzi waliingia kwenye uwele. Baba anasema alisimuliwa akiwa mdogo, na yeye pia hakumbuki kama yule dada mdogo alirudi. Ameniambia nimuulize bibi. Naogopa, bibi hapendi daftari."

Na pale chini, kwenye jumla, imo. Amenihesabu.

Bi Mwanaidi akaniuliza kama jua limenipata. Nikamwambia anipe maji.

Nilirudi nyumbani nikamwita Sechelela, na mama yake, na yule mdogo aliyekula kofi. Nikasema mbele yao wote: nililichukua mimi, nikampa Mwanaidi, nikamsingizia mtoto. Mdogo akauliza, "Kwa hiyo dada anirudishie kofi langu?" Hakuna aliyecheka. Nikamwambia kofi lile ni langu mimi, na siku akitaka kunipiga aseme. Akafikiria, akasema basi.

Sechelela alipokea kurasa. Akazipanga upya, maana nilikosea Juni na Julai. Akasema, "Hizi tatu hazipo."

Nikamwambia aandike upya, nitamnunulia daftari zuri zaidi.

"Bibi, nilichoandika siku ile siwezi kukiandika leo. Nitaandika ninachokumbuka, na hicho ni kingine."

Akaingia ndani.

Jumapili Yohana akapiga. Shikamoo mama, mvua vipi, mbuzi wazima. Alipofika pa kusema nimpe Seche nikamwambia subiri. Nikamweleza nilichofanya, kama nilivyoandika hapa. Nikaitazama simu kama bando limekata.

Halafu akasema, "Mama, ile miezi mitatu nilikuwa naumwa huku. Yeye ndiye aliyekuwa ananisomea."

Nikasema sikujua.

Akasema, "Hatukukuambia." Kisha, sauti ya chini, kama alivyokuwa anauliza akiwa na miaka saba, "Yule dada mdogo, wa chumvi. Alirudi?"

Nikakaa chini. Nikamsimulia mwisho wote bila kukata. Jinsi mkubwa alivyomwacha mwenzake chini ya mzigo, jinsi alivyofika nyumbani akasema uongo, na jinsi chumvi yake ilivyokataa kukauka mpaka aliporudi kumchukua. Sechelela alikuwa amesimama mlangoni. Alisogea, akakaa. Sikio langu lilipata moto kwa simu na sikumpa mtu.

Nilipomaliza Yohana akasema, "Nne, mama. Ulimwacha peke yake pale Bahi muda mrefu mno."

Seche akasema, "Mimi bado tatu."

Sikuomba waongeze.

Mpwapwa alikwenda. Msidhani hadithi zote zinageuza mabasi. Lakini kabla hajapanda aliniambia, "Mwisho wa mwezi narudi, bibi. Uwe na chako."

Nilichojifunza ni hiki. Niliogopa kwamba ukihesabu kitu kizuri kitaondoka, kumbe kile kisichohesabiwa na mtu yeyote ndicho kinachoondoka bila kuaga. Baba yangu hakuhesabu ng'ombe, sawa, lakini aliwasimamia mlangoni kila jioni. Hilo la kusimama nililisahau, nikabaki na mwiko mtupu. Na ukitumia mila ya wazee kufunika wivu wako, sema ni wivu, usiwasingizie wazee.

Nyie mnaoandika vitu vyenu kila mwezi, mnamsomea nani? Na kama mna bibi au babu nyumbani, mlishamuuliza? Niambieni hapa chini. Nasoma polepole lakini nitafika kwa kila mtu. Mwenye matusi aanze na shikamoo.

Na amri niliyoitoa nyumbani kwangu jioni ile ile ya simu, kabla sahani hazijaondolewa mkekani, ni hii, na bado inafuatwa:

"Daftari la mtu halifunguliwi mpaka mwenyewe akufungulie. Jumapili ya mwisho ya mwezi simu ya Yohana itawekwa spika katikati ya mkeka, na kila aliye nyumbani humu atataja kitu kimoja alichokipenda mwezi huo na nyota zake, mpaka huyu mdogo, mpaka mimi. Asiyekuwa nacho aseme hana, tumjue. Na Sechelela atatuandika wote, kwa majina, ahesabu."